Mkaa, Udongo Mwekundu na Jivu

Mzazi yeyote mwenye mtoto katika shule ya msingi anaijua Jumapili jioni. Mtoto ameshinda akicheza, amekula, ameoga, kisha anakumbuka: kesho mwalimu anataka manila, gundi na plastisini. Duka la karibu limefungwa, mtu wa boda boda anapigiwa simu, na saa tatu usiku baba mtu yuko sakafuni anakata picha za wanyama kwenye gazeti kuukuu huku mwenye kazi amelala fofofo. Jumatatu kazi inapelekwa, inatundikwa ukutani, na mtoto anapewa alama za baba.

Tangu Mtaala wa Umilisi, ambao wengi wetu tunauita CBC tu, uingie madarasani kote nchini Kenya Januari 2019, hivyo ndivyo wazazi wengi walivyoijua sanaa ya shuleni: gharama na usumbufu. Malalamiko yao ni ya haki, ila yamemwangukia asiyehusika. Kilichowachosha ni sanaa iliyoachwa nje ya somo, ikangojewa mpaka somo liishe ndipo ibandikwe juu yake. Mtoto aliyefuatisha ramani ya Kenya kwa karatasi nyembamba na kuipaka rangi za bendera hajafikiri lolote kuhusu Kenya. Mkono umefanya kazi, kichwa kimepumzika. Sanaa ikiingia ndani ya Hesabu au Sayansi inavyopaswa, mtoto hawezi kuimaliza bila kulielewa somo lenyewe, na baba hawezi kumsaidia hata akikesha.

Laare ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili. Ni mji wa miraa katika Igembe Kaskazini, Kaunti ya Meru, kwenye barabara itokayo Maua kwenda Mutuati, juu ya milima ya Nyambene. Mpinzani mkubwa wa shule hapa ni shamba. Mmiraa unataka mchumaji mwepesi wa mwili, na mvulana wa Gredi ya 6 ni mwepesi. Kwa miaka mingi walimu, machifu na viongozi wa kanisa wamelia juu ya wavulana wanaoacha daftari kwa sababu shambani wanalipwa siku hiyo hiyo. Somo linalochosha lina hasara kila mahali. Hapa hasara yake inaonekana kufikia saa nne asubuhi, dawati likiwa tupu.

Na vifaa? Nyambene ni milima ya volkeno, na udongo wake mwekundu hupaka viatu, nguo na kuta bila kuombwa. Mkaa uko jikoni, jivu liko chini yake. Majani ya mgomba, yale yanayofungiwa miraa ili isinyauke kabla ya kufika Nairobi, yametapakaa sokoni. Hizo ni rangi tatu na kitu cha kufungia, na hakuna hata kimoja kinachohitaji boda boda ya Jumapili usiku.

Rangi hizo tatu zina kazi kubwa zaidi ya kuokoa pesa. Wameru husimulia kwamba wazee wao walitoka Mbwaa, nchi iliyokuwa kando ya maji makubwa upande wa mashariki. Huko walitumikishwa na watu waliowaita Nguo Ntune, wenye nguo nyekundu. Watawala hao, wakitafuta kisingizio cha kuwamaliza, wakawapa mitihani isiyowezekana. Watengeneze kiatu chenye manyoya pande zote mbili. Watoe tunda katika shimo refu bila kulichoma wala kuligusa kwa mkono. Wafue mkuki unaofika mawinguni. Kiatu walikipata kwa ngozi ya lile shambwelele linaloning'inia shingoni mwa ng'ombe. Tunda walilitoa. Mkuki ukawashinda, nao wakatoroka wakiongozwa na Koomenjoe, maji yakawapisha. Waliovuka usiku wakawa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri wakawa Ntune, wekundu. Waliovuka jua limechomoza wakawa Njeru, weupe. Matoleo hutofautiana kutoka mzee mmoja hadi mwingine, na wapo watafiti wanaoihusisha Mbwaa na kisiwa cha Manda kule Lamu. Mwanahistoria Mmarekani Jeffrey Fadiman, aliyewahoji wazee wa Meru kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1993, ni mmoja wa walioyaweka masimulizi haya katika maandishi.

Sasa mwalimu wa Elimu ya Jamii anaingia darasani. Anaweza kuandika ubaoni "Chimbuko la Wameru", aorodheshe nukta sita, watoto wanakili, kengele ilie. Au anaweza kuligawa darasa makundi matatu, kila kundi lisage rangi yake: la usiku lisage mkaa, la alfajiri lisage udongo, la mchana lichekeche jivu. Rangi ikorogwe kwa uji mwepesi wa unga wa ngano ili ishike, kisha ipakwe kwenye katoni iliyopasuliwa. Kazi ni moja kwa wote: chora watu wanaovuka.

Kundi la mkaa litakwama kwanza, na kukwama huko ndiko mwalimu anakokutafuta. Usiku, watu wanaonekanaje? Ukipaka katoni nzima mkaa, watu wamepotea. Ukiwachora watu kwa mkaa na kuacha katoni kama ilivyo, huo si usiku. Mmoja atasema waachwe rangi ya katoni, giza lizungushwe pembeni yao. Mwingine atauliza kama kulikuwa na mwezi. Mwingine atataka kujua ng'ombe walivukaje bila kupiga kelele. Maswali haya hayakuwa katika zile nukta sita za ubaoni. Yamezaliwa kwa sababu mchoraji hawezi kuweka mstari bila kuamua, na huwezi kuamua jambo usilolifikiria.

Kisha lije tunda. Watoto waigize: mmoja mtawala, wengine wazee wanaoshauriana, ndoo ndiyo shimo. Wakifika kwenye jibu, kwamba shimo lijazwe maji ili tunda lielee lenyewe mpaka juu, mwalimu asimamishe mchezo. Kabla ya tone la maji kumwagwa, kila mtoto achore anachodhani kitatokea. Chungwa lenye ganda liwekwe ndani ya ndoo, maji yamiminwe: linapanda. Limenywe, lirudishwe: linazama. Ganda, lenye vijitundu vilivyojaa hewa, ndilo lililokuwa likilibeba. Hapo hadithi ya mababu inageuka mtihani wa Sayansi na Teknolojia, na swali linalofuata halimo katika kitabu chochote cha kiada: wale wazee wa Mbwaa wangefanyaje kama tunda la mtawala lingekuwa la aina inayozama?

Ule mchoro wa kabla ya maji ndio wenye thamani kuliko yote. Mtoto anayechora maji yakiwa juu na chungwa chini, halafu mshale unaolisukuma, anamwonyesha mwalimu wazo lililo kichwani mwake, liwe sahihi au la, kuliko jibu lolote la "ndiyo mwalimu". Ukimwuliza kwa mdomo atakujibu unachotaka kusikia. Kwenye karatasi hana pa kujificha.

Tahadhari moja, nayo si ndogo. Laare ni mji wa biashara, na biashara ya miraa imewaunganisha Wameru na Wasomali kwa muda mrefu. Wapo wanaowaeleza Nguo Ntune kuwa Waarabu au watu wa Pwani, na mchezo wa kuigiza ukiachwa ujiendee unaweza kuishia kwa watoto kumnyooshea kidole mwenzao wa dini au kabila jingine. Mwalimu azungushe nafasi, kila mtoto avae nguo nyekundu angalau mara moja. Mtoto aliyewahi kuwa mtawala na kutoa amri ya kikatili anaielewa hadithi kwa upande ambao mtazamaji haupati.

Hesabu nayo ina hazina yake hapa. Igembe na Tigania, makundi mawili ya Wameru, walipanga vizazi vya wanaume kwa marika yanayozunguka: Ratanya, Lubetaa, Miriti, Buantai, Gichunge, Kiramunya, Ithalie, Michubu, kisha Ratanya tena. Majina ni manane, na jina moja hurudi baada ya zaidi ya karne. Mwanaanthropolojia Mfaransa Anne-Marie Peatrik aliandika kitabu kizima juu ya mfumo huu mwaka 1999. Vitabu vyetu vya shule hupenda kuonyesha wakati kwa mstari ulionyooka, zamani kushoto na leo kulia. Kwa mstari huo rika halieleweki. Linataka duara.

Basi watoto wakate duara kwa kuzungushia penseli ukingoni mwa sahani. Wakunje mara moja: nusu. Mara ya pili: robo. Mara ya tatu: thumuni. Wakifungua wana vipande vinane, kila kimoja na jina lake, na hakuna aliyewaambia wakariri kwamba robo moja ni sawa na thumuni mbili, kwa sababu wanaiona. Kazi ya nyumbani haihitaji duka: muulize babu yako ni wa rika gani, na babu yake alikuwa wa gani, uwaweke katika duara. Kesho yake watoto wa nyumba tofauti watalinganisha maduara yao na kukuta hayalingani, wakaanza kubishana, na ubishi wa watoto wa miaka tisa kuhusu ushahidi ni kitu ambacho vyuo vikuu vingelipia. Msichana mmoja atauliza bibi yake akae wapi katika duara hilo la wanaume. Kipindi cha siku hiyo kiachwe kimfuate.

Nimejiuliza kama miraa yenyewe iingie darasani. Hesabu yake ni safi mno kuachwa: kwa desturi ya biashara hii, vitita vidogo viitwavyo shurba, vilivyofungwa kwa nyuzi za mgomba, vikifika kumi vinafanya kilo moja, ambayo haina uhusiano wowote na kilo ya mizani, na kilo kumi zinafanya bunda. Ni mamoja, makumi na mamia, na mtoto wa Laare ameziona tangu akiwa mgongoni mwa mama. Mwalimu akifunga vijiti vya majani ya kawaida kwa utaratibu ule ule, thamani ya nafasi inashikika kwa vidole. Lakini kuifundisha Hesabu kwa miraa ni kuipamba shughuli ile ile inayowatoa wavulana shuleni. Mimi ningechukua ufungaji na kuuacha mmea nje. Wapo watakaoona huo ni unafiki, maana ada za shule na sare za wengi wao zinatoka katika bunda hizo hizo, na sina jibu la kuwanyamazisha.

Kwa hali yoyote, wazo la kutafuta hesabu katika kazi za mikono si geni Afrika. Paulus Gerdes, mwanahisabati aliyefanya kazi Msumbiji tangu miaka ya 1970, alitumia maisha yake kuonyesha jiometri iliyofichika katika vikapu na mikeka, akawafundisha walimu kuitoa humo na kuipeleka ubaoni. Akina mama wa Meru na Tharaka wanaosuka vyondo wanahesabu kila mzunguko. Anayekosea nyuzi mbili mwanzoni ataona mchoro umepinda akifika ukingoni.

Kwa nini basi hatuvioni vipindi vya aina hii kila siku? Historia ina sehemu yake. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulikuja na Sanaa, Ufundi na Muziki, masomo yaliyotahiniwa kabisa katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Wasomaji wa umri fulani watakumbuka kusokota kamba za mkonge na kuchonga miiko. Baadaye yakaondolewa katika mtihani, na Kenya somo lisilotahiniwa hubaki jina tu kwenye ratiba. Kipindi chake huchukuliwa na Hesabu. Kwa kizazi kizima, sanaa ya shule ikahamia kwenye mashindano. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na lile la drama lina miongo kadhaa, nayo yametoa wasanii wa kweli. Ila yanachagua. Watoto 30 wanaojua kuimba wanatolewa darasani wiki tatu kufanyia mazoezi shairi la kukariri, wanasafiri, wanaleta kikombe, na wenzao waliobaki wanaendelea kunakili kutoka ubaoni.

CBC ilikuja kuyarekebisha hayo, na kwa karatasi imejitahidi. Ubunifu ni mojawapo ya umilisi saba wa kimsingi ambao kila somo linapaswa kuukuza. Lakini tazama mtihani wa Gredi ya 6, KPSEA, ulioanza mwaka 2022. Sanaa imewekwa karatasi moja na Elimu ya Jamii, na mtoto anajibu kwa kuchagua herufi moja kati ya nne. Unamtahini mtoto uchoraji kwa kumtaka atie kivuli kwenye kisanduku. Kisha kikosi kazi cha rais kilichoongozwa na Profesa Raphael Munavu, katika ripoti yake ya 2023, kikapunguza masomo ya Gredi ya 4 hadi ya 6 kutoka 12 hadi 8. Sanaa na Ufundi, Muziki na Elimu ya Viungo vikaingizwa katika somo moja. Mzigo wa mtoto ulikuwa mzito na ulistahili kupunguzwa. Hata hivyo maana yake ni kwamba mchoro, wimbo na mpira sasa vinagombea vipindi vile vile, na mtoto wa Laare anayetaka kuchora zaidi itabidi achoree ndani ya Sayansi.

Wanaoitetea sanaa mara nyingi huitetea vibaya. Husema kwamba anayechora atapata alama za juu katika Hesabu. Ushahidi hauwaungi mkono hivyo. Watafiti wa Project Zero katika Chuo Kikuu cha Harvard walizipitia tafiti za miongo mitano na mwaka 2000 wakatoa matokeo yaliyowaudhi wenzao wengi: hawakupata uthibitisho wa kutegemewa kwamba kusoma uchoraji peke yake kunapandisha alama za masomo mengine. Walichokipata kikiwa imara ni kwamba kuigiza hadithi darasani huwasaidia watoto kuielewa na kukuza lugha yao. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, wakaonyesha kwamba mtu akichora neno analolisoma hulikumbuka kuliko akiliandika mara nyingi, hata kama mchoro wake ni wa ovyo. Na huko Baltimore, Marekani, masomo ya sayansi ya darasa la tano yaliyofundishwa kwa sanaa yaliwasaidia zaidi watoto waliokuwa nyuma katika kusoma kukumbuka walichojifunza.

Hilo la mwisho ndilo ningelipeleka Laare kwanza. Katika gredi tatu za mwanzo, sera inataka mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake, yaani Kimeru. Akifika Gredi ya 4 anageukiwa na Kiingereza. Mtoto anayeelewa kuelea na kuzama lakini hana maneno ya Kiingereza ya kulieleza jambo hilo anahesabiwa kuwa hajui. Mpe karatasi na mkaa achore, na ujinga wake unapungua ghafla.

Wapo walimu wanaoogopa kwamba sanaa ikitumwa huku na huku itageuka mtumishi wa masomo mengine, isiwe na heshima yake. Hofu hiyo ina msingi. Mtoto anahitaji pia kipindi cha kuchora kwa ajili ya kuchora, ajifunze kivuli na mstari bila kudaiwa chungwa wala rika. Tangu Januari 2026 shule za upili za juu zina mkondo wa Sanaa na Michezo sambamba na ule wa Sayansi na ule wa Sayansi za Jamii. Mwanafunzi hawezi kuuingia mkondo huo kwa maarifa ya manila za Jumapili.

Ugumu halisi, nionavyo mimi, uko katika kusahihisha. Tuseme watoto wawili wamechora ndoo ile baada ya chungwa kumenywa. Mmoja kaichora maridadi, mpini umepinda vizuri, kivuli kimekaa upande wake, na chungwa lililomenywa linaelea juu ya maji. Mwenzake kachora boksi lililopinda, duara limekaa chini kabisa, na ganda pembeni lenye vitone anavyoviita nyumba za hewa. Kwa vigezo vya CBC, wa pili amefikia matarajio katika Sayansi na wa kwanza yuko mbali nayo. Katika Sanaa ni kinyume. Mwalimu anayetoa alama moja kwa karatasi zote mbili amemdhulumu mmoja. Kutoa alama mbili, moja kwa kila somo, pamoja na neno la maelezo chini yake, kunachukua dakika ambazo katika darasa lililojaa hutoka kwenye usingizi wa mwalimu. Walioandika kwamba asilimia 60 ya matokeo ya Gredi ya 6 itokane na tathmini za shuleni ndio wanaopaswa kusema dakika hizo zitakatwa katika kipindi kipi.